Istilahi Zilizozaliwa Darasani: Walimu Wamisionari wa Makumira na Kiswahili cha Theolojia

Mtu akipita katika kata ya Sombetini, katika Jiji la Arusha, siku ya Jumapili asubuhi, atawakuta Wakristo wanaosema Kiswahili kimoja lakini wenye istilahi mbalimbali. Huyu anatoka katika misa, yule anatoka katika ibada. Mkatoliki anamsalimu padri, Mlutheri anamsalimu mchungaji, na Mwanglikana huenda akamwita kiongozi wake kasisi. Wa kwanza amepokea Ekaristi, wa pili ameshiriki Chakula cha Bwana. Hata hivyo wote watatu wana askofu, na wote watatu hupeleka watoto wao kwenye kipaimara. Kwa nini baadhi ya istilahi ziliwaunganisha na nyingine zikawagawanya? Jibu halipatikani katika kamusi peke yake. Sehemu kubwa yake imo katika historia ya vyuo vilivyowafunza viongozi wao, na katika kazi ya walimu wa kigeni waliolazimika kusema kwa lugha isiyokuwa yao mambo ambayo hata katika lugha zao yalikuwa mazito.

Makala haya yatahusu chuo kimoja tu, nacho ni Chuo cha Theolojia cha Walutheri cha Makumira, kilichoko Usa River chini ya Mlima Meru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Nimekichagua kwa sababu historia yake inaonyesha waziwazi, kuliko nyingi nizijuazo, jinsi istilahi inavyoundwa, inavyopingwa, na jinsi inavyokubaliwa au kuachwa.

Hatuna budi kuanza nyuma kidogo. Wamisionari wa Leipzig walipofika kwa Wameru mwaka 1896, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na mahali ambapo Makumira ipo. Wenzao walirudi baadaye, wakajenga Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Wamisionari hao hawakukipenda sana Kiswahili. Walikiona kuwa lugha ya pwani, ya biashara na ya Uislamu, tena lugha ya askari na makarani wa serikali ya Kijerumani. Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi hadi mwaka 1938, aliamini kwamba mahubiri hushika mizizi katika lugha ya ukoo na ya majirani, kwa hiyo akaitumikia lugha ya Kichaga maisha yake yote. Misheni nyingine za Walutheri zilifanya vivyo hivyo: Kishambaa huko Usambara, Kihaya huko Bukoba, Kibena na lugha nyingine katika nyanda za kusini. Kila misheni ilijifunzia watumishi wake, na kila misheni ilikuwa na msamiati wake wa dini.

Vita vya Pili vya Dunia viliuvunja utaratibu huo. Wamisionari wa Kijerumani walizuiliwa na serikali ya Kiingereza, na vituo vyao vikaangaliwa na Waswidi, na Wamarekani wa kanisa la Augustana, na zaidi ya wote na Waafrika wenyewe. Vita vilipokwisha ilionekana dhahiri kwamba haiwezekani tena kila kanisa kuwa na darasa lake dogo la wachungaji. Mwaka 1947 chuo cha pamoja kikafunguliwa Lwandai, karibu na Mlalo, katika milima ya Usambara. Fikiria, msomaji, darasa lile: Mhaya, Mchaga, Mshambaa, Mbena na Mnyiramba wameketi pamoja, na mwalimu wao labda ni Mswidi. Lugha waliyoweza kukutania ilikuwa Kiswahili. Si hoja ya siasa wala ya isimu iliyokiingiza Kiswahili katika theolojia ya Walutheri wa Tanganyika. Ni ule mkusanyiko wa watu ambao vinginevyo wasingeelewana.

Lakini Kiswahili kipi? Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Chuo kilipoanza, tafsiri mpya kuliko zote ya Biblia nzima kwa Kiswahili ilikuwa ile ya Karl Roehl, iliyotolewa Stuttgart mwaka 1937, baada ya Agano Jipya lake kutoka mwaka 1930. Roehl alikuwa mmisionari wa Bethel na alifanya kazi miaka mingi katika Usambara ileile. Alikuwa pia mtaalamu wa sarufi ya Kishambaa. Mwaka 1930, wakati Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Unguja, yeye aliandika katika jarida la Africa akitetea njia nyingine. Kwa maoni yake, mtu wa bara haelewi maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo Kiswahili cha Kanisa kijengwe kwa mashina ya Kibantu.

Hakuishia kwenye maneno matupu, alitenda. Mahali ambapo Wakristo wengine walisema Injili, yeye aliandika Utume mwema. Nabii alimwita mfumbuaji, yaani mtu afumbuaye lililofumbwa. Kuhani alimwita mtambikaji. Kuamini aliliepuka, akatumia kumtegemea. Na penye haki ya Mungu, neno ambalo Mlutheri hawezi kulipita bila kusimama, aliweka wongofu, na mwenye haki akawa mwongofu.

Ni desturi siku hizi kumcheka Roehl, au kumlaumu kwamba aliongozwa na chuki dhidi ya Uislamu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, kwani wamisionari wengi wa wakati wake waliuogopa Uislamu na waliona Kiswahili cha pwani kuwa mlango wake. Hata hivyo mfasiri atakayeyapima maneno ya Roehl moja moja atakuta kwamba mengine yalikuwa mazuri mno. Chukua kumtegemea. Neno imani katika Kiswahili cha kila siku lina maana zaidi ya moja: mtu mwenye imani aweza kuwa mtu wa dini, na aweza kuwa mtu mwenye huruma tu. Kutegemea ni kuegemeza uzito wako kwa mwingine, hata akiondoka utaanguka. Luther aliposema juu ya imani alikusudia jambo hilo hasa, yaani kumtumaini Mungu na si kukubali tu kwamba yupo. Kwa hiyo Roehl aliigusa maana ya ndani ya mafundisho ya kanisa lake kuliko wafasiri waliomfuata.

Kwa maneno mengine mambo hayakuwa hivyo. Mtambikaji ni neno la Kibantu lisilo na dosari yoyote ya umbo, lakini lilikuwa na mwenyewe. Wasikilizaji wa bara walimjua mtambikaji: alikuwa mzee wa ukoo aliyewapelekea mizimu pombe au damu ya mbuzi. Kanisa lililokataza matambiko nyumbani lilikuwa linasoma Jumapili habari za Haruni mtambikaji. Vilevile mwongofu. Shina lake, kuongoka, lina maana ya kunyooka au kuelekezwa vema. Lakini Waislamu walikwisha kulitumia kwa uongozi wa Mwenyezi Mungu, na Wakristo wengine walikwisha kulitumia kwa mtu aliyeacha njia yake ya zamani akaingia katika dini. Kiti kilikuwa kimekaliwa. Roehl aliangalia asili ya neno akasahau kuuliza nani analitumia sasa, na kwa kazi gani. Hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo linarudiwa na waundaji istilahi wenye bidii: kudhani kwamba neno likiwa la Kibantu halina mzigo wowote mgongoni.

Mwaka 1952 Biblia ya Union ilitoka, kazi ya pamoja iliyokusudiwa kuziunganisha tafsiri za Unguja na Mombasa ziwe kitu kimoja kwa Kiswahili sanifu. Ilishika Injili, nabii, kuhani, imani na haki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, chuo kilihama Lwandai kikaja Makumira. Sisemi kwamba kimoja kilisababisha kingine. Ila yafaa tuone kwamba katika miaka michache tu chuo kilitoka katika milima ya Roehl na pia katika msamiati wa Roehl, na kwamba wanafunzi waliokulia Biblia moja walitakiwa wafundishe kwa nyingine.

Tulitazame neno haki kwa makini zaidi, kwa kuwa ndilo lililokuwa kazi kubwa ya mwalimu. Mafundisho makuu ya Walutheri, yatokayo katika Waraka kwa Warumi, ni kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani. Katika Kiyunani kuna shina moja linalozaa uadilifu wa mtu, hukumu iliyo sawa, na tendo la hakimu kumtangaza mtu kuwa hana hatia. Kiswahili kina haki, nalo linabeba jambo jingine tena: stahili. Mtu akisema "hii ni haki yangu" hatangazi wema wake, anadai kitu chake. Mwenye haki katika Biblia ya Union ni mtu mwadilifu mbele ya Mungu. Mwenye haki barazani ni yule mwenye dai la kweli. Msikilizaji wa kawaida husikia la pili kwanza.

Na huko Meru katika miaka ile haikuwezekana kusikia vinginevyo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Wameru wengi walikuwa Walutheri. Mgeni aliyesimama mbele ya ubao wa Makumira mwaka 1954 kueleza kwamba haki ya Mungu ni zawadi isiyodaiwa, alikuwa anasema hayo katika wilaya ambayo neno haki lilikuwa dai kali la ardhi. Sidhani kwamba hilo lilikuwa hasara. Neno ambalo lina moto wa maisha ya watu ni bora kuliko neno safi lisilo na mtu, maadamu mwalimu anajua kwamba moto upo na anafundisha akiutazama. Wongofu lisingeweza kamwe kuleta mjadala wa aina hiyo.

Miongoni mwa walimu waliokielewa Kiswahili kwa kina alikuwa Howard S. Olson, Mmarekani wa asili ya kanisa la Augustana. Alifika Tanganyika mwaka 1946, akaishi Singida kwa Wanyaturu kabla ya kufundisha Makumira. Aliisoma lugha yao hata akaandika tasnifu juu ya fonolojia na mofolojia yake huko Hartford mwaka 1964. Nalitaja jambo hili kwa sababu lilimpa faida isiyo ya kawaida. Wageni wengi walijifunza Kiswahili kwa kukipima na Kiingereza au Kijerumani. Yeye alikipima pia na lugha nyingine ya Kibantu, akajua lililo la Kiswahili peke yake na lililo la ukoo mzima.

Olson ndiye aliyeandika Jifunze Kiyunani, kitabu cha kumfundishia mwanafunzi lugha ya Agano Jipya moja kwa moja kwa Kiswahili. Hata jina la kitabu ni funzo la istilahi. Waswahili tumepata majina mawili ya lugha hiyo: Kigiriki kwa njia ya Ulaya, na Kiyunani kwa njia ya Waarabu. Biblia ya Union ilitumia Kiyunani, na darasa likaifuata Biblia.

Mtu asiyewahi kufundisha lugha ya kale huenda asione uzito wa kazi kama hiyo. Vitabu vya Kiyunani vilivyoandikwa kwa Kiingereza vilitungwa kwa ajili ya mwanafunzi Mwingereza na matatizo yake. Mwingereza hushangaa kuambiwa kwamba kila jina lina jinsi, na kwamba kivumishi hakina budi kulifuata. Mwanafunzi aliyezaliwa Bukoba au Njombe hashangai hata kidogo. Tangu utotoni anajua kwamba mtu ni mzuri, kitu ni kizuri na mti ni mzuri, nao wakiwa wengi kila kimoja hubadilika kwa njia yake. Mwingereza huona ajabu kwamba kitenzi kimoja chaweza kubeba mtendaji, wakati na kauli. Mswahili husema tunapendwa, neno moja, na Myunani vivyo hivyo. Mwingereza anahitaji maneno matatu. Lakini ipo sehemu ambapo Mwingereza ana nafuu. Kiyunani kina kibainishi mbele ya jina, Kiingereza nacho kina chake. Kiswahili hakina kabisa. Kwa hiyo kurasa zinazotosha kwa mwanafunzi wa London hazitoshi kwa mwanafunzi wa Makumira, na zile zinazomsumbua wa London zaweza kufupishwa. Kufasiri kitabu cha Kiingereza neno kwa neno kungalimletea mwanafunzi wetu maelezo marefu ya jambo analolijua na ufupi katika jambo asilolijua. Wafasiri wa vitabu vya shule walitafakari hilo, kwani si la Kiyunani peke yake.

Olson alifanya kazi nyingine ambayo wataalamu wa istilahi huisahau, nayo ni nyimbo. Nyimbo za Kijerumani zilizofasiriwa zamani zilikuwa na kasoro ya kudumu. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni za Ulaya huangusha mpigo popote zipendapo. Matokeo yake waimbaji walilazimika kuyapotoa maneno yao wenyewe. Makumira ilikuwa na wanafunzi kutoka pembe zote za nchi, kila mmoja akija na tuni za kwao. Olson alizikusanya, zikapewa maneno ya Kiswahili, na mwaka 1968 kikatoka kitabu cha Tumshangilie Mungu. Neno likiimbwa na watu wasiojua kusoma, katika mkazo wake halisi, hukaa. Nadhani istilahi nyingi za dini zilienea bara kwa njia ya koo za waimbaji kuliko kwa kalamu za wafasiri.

Mwalimu mwingine wa kutajwa ni Raimo Harjula, Mfini, ambaye akiwa Makumira aliwageukia majirani wa chuo. Kitabu chake juu ya Mungu na jua katika fikra za Wameru kilitolewa Helsinki mwaka 1969. Kingine, cha mwaka 1980, kilihusu dawa na kazi ya mganga mmoja wa Kimeru. Swali lake la kwanza lilikuwa la istilahi hasa. Chini ya mlima huo mmoja wanaishi Wameru, ambao neno lao la Mungu limefungamana na jua, na Waarusha, wasemao Kimaa, ambao neno lao Engai ni la Mungu, la mbingu na la mvua. Kiswahili kinawaletea wote Mungu, neno la Kibantu lisilofungamana na jua wala mvua, ambalo Waislamu na Wakristo wamelitumia pamoja pasipo ugomvi. Hata Roehl hakuligusa. Huenda hii ndiyo istilahi iliyofanikiwa kuliko zote, na hakuna kamati iliyoiunda.

Mwaka huohuo wa 1968 Makumira ilianzisha Africa Theological Journal, jarida la Kiingereza. Lilikuwa jarida la heshima, lililowapa wanatheolojia wa Kiafrika jukwaa la kusikika duniani. Lakini kwa upande wa lugha njia mbili zilianza kuachana. Elimu ya shahada ilikwenda na Kiingereza, na hali hiyo haikubadilika chuo kilipoingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini katika miaka ya 1990. Kiswahili kilibaki katika vyuo vya Biblia kama Mwika, katika mimbari, na katika vikao vya Kanisa. Matokeo yake mchungaji mwenye shahada husoma kwa lugha moja na kuhubiri kwa nyingine, na daraja la kati hulijenga peke yake, Jumamosi usiku, kwa neno lolote litakalomjia. Wamisionari wa kwanza, pamoja na upungufu wao, hawakuwa na nafasi hiyo ya kukwepa: walilazimika kutafuta neno mbele ya wanafunzi, na wanafunzi walikuwa na uwezo wa kulikataa.

Ushahidi wa utengano huo ni jina la somo lenyewe. Wengine huandika theologia, wengine theolojia, wengine thiolojia, wengine teolojia. Na Wakatoliki wanalo pia taalimungu, ambalo kwa maoni yangu ni zuri, kwa kuwa mtu aliyelisikia mara ya kwanza aweza kuikisia maana yake. Linganisha na kipaimara. Kupa na imara vimeunganishwa vikawa jina la ibada, shina moja la Kibantu na jingine la Kiarabu, bila mtu kuuliza pasipoti zao. Mlutheri, Mwanglikana na Mkatoliki wa Sombetini hulitumia kwa sababu lilisema jambo lenyewe, kwa ufupi, nalo halikuwa limekaliwa na maana nyingine.

Yapo mambo mawili ambayo Baraza na vyuo vyaweza kuyafanya kwa gharama ndogo. La kwanza ni kukusanya miswada ya masomo iliyoandikwa kwa Kiswahili katika miaka ya Lwandai na ya mwanzo ya Makumira, pamoja na madaftari ya waliosoma huko. Mengi ya madaftari hayo yamo katika masanduku ya wachungaji wastaafu na ya wajane wao, na mchwa hawangoji bajeti. La pili ni kuyasoma na kuorodhesha si istilahi zilizoshinda tu, bali na zile zilizoachwa, kila moja na sababu yake. Kumtegemea lingefaa kuwa la kwanza katika orodha hiyo, na mtambikaji la pili.